Kitabu cha karatasi au cha simu? Hesabu ya huku Tukuyu

Juzi mama mmoja wa Kiwira alinijia na swali ambalo sisi wakutubi huulizwa kila shule zikikaribia kufunguliwa: "Mwalimu, nimnunulie mtoto kitabu, au nimwekee kwenye simu?"

Nilimuuliza ana watoto wangapi. Watatu, wamepishana miaka miwili miwili.

Basi jibu lilikuwa hapo hapo. Tuseme kitabu ni shilingi 15,000. Kikishuka kwa wadogo zake wawili, kila mtoto amesoma kwa 5,000, na jirani naye ataazima. Softikopi ya kununua, yaani kitabu cha simu, haishuki hivyo, kwa kuwa mara nyingi unachouziwa ni ruhusa ya kusoma, tena kwenye akaunti yako tu. Julai 2009 duka la mtandaoni la Amazon lilifuta riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kuilipia, kwa sababu aliyeiweka sokoni hakuwa na haki nayo. Fedha walirudishiwa, lakini kitabu kilikuwa kimeondoka.

Ila kabla hujalipa, hakikisha mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na kitabu cha zamani hakitamfaa mdogo mtu. Hapo simu inasaidia sana: fungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, uone toleo linalotumika, ndipo uende dukani.

Gharama ambayo watu wa huku tunaisahau ni unyevu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi hunyonya maji hata hewani. Nimeona vitabu vizuri vikiota koga kwa sababu tu kabati liliegemezwa ukutani. Livute mbele kidogo, liinue kutoka sakafuni, na usifunge vitabu kwenye nailoni, maana unyevu ukishaingia hautoki. Kikilowa, kianike kivulini penye upepo. Kile cha karatasi ya kung'aa kiwahi kikiwa bado kibichi, uzitenganishe kurasa moja moja. Zikikauka zimegandana, hazibanduki tena.

Simu naipendekeza kwa mwanachuo anayetafuta sura mbili tu za kitabu kisichopatikana Mbeya mjini. Lakini atafute faili la EPUB, ambalo maandishi yake hujipanga kufuata upana wa kioo, na likiwa la maneno matupu mara nyingi halifiki MB 2. PDF ya kurasa zilizopigwa picha hula bando, kisha inakulazimisha kuvuta kila mstari kushoto na kulia hadi macho yanachoka.

Yule mama alirudi Ijumaa na kitabu cha Hisabati na karatasi ya kaki, akaniomba nimwonyeshe namna ya kukijalidi. Tulipomaliza akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwalimu," akakitia kwenye kikapu, juu ya ndizi, kisilowe.