"Si mlima uko kwenye ikweta?" na maneno mengine yanayowagandisha watu Kilimanjaro

Ikikaribia tarehe 9 Desemba simu yangu haipumziki. Ni tarehe ambayo mwanajeshi Alexander Nyirenda alifikisha mwenge na bendera kileleni mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na hadi leo Watanzania wengi huichagua kupanda. Ndugu na marafiki wa Dar na Tanga wananipigia kwa sababu naishi Moshi, kana kwamba mlima ni wa kwetu nyumbani. Maswali yao hayanisumbui. Kinachonitia wasiwasi ni majibu wanayokuja nayo tayari.

"Desemba ni joto, tena mlima uko kwenye ikweta."

Uko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, sawa. Ila joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Moshi ikiwa na nyuzi 30 mchana, kule juu uko karibu na sifuri, upepo bado hujauhesabu. Na safari ya mwisho kutoka kambi ya Kibo huanza karibu saa sita usiku. Kabla ya alfajiri, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri si ajabu. Wazungu hungoja miezi ifike ndipo wapate baridi yao. Yetu huja kila usiku na kuondoka jua likichomoza. Ukichagua mwezi, unachagua zaidi mvua na tope kuliko baridi.

"Nitavaa kila kitu nilichonacho."

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu kwa nia njema kabisa. Mtu anatoka kambini kajifunga kama gunia la kahawa: fulana ya pamba, sweta la pamba, jinzi, jaketi zito juu. Baada ya nusu saa ya kupanda changarawe amelowa jasho mgongo mzima. Wakisimama kunywa maji, jasho lile linageuka barafu mwilini. Pamba hunywa maji na haiyaachii, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu. Kwa hiyo adui wa kwanza mlimani ni unyevu, hata kama mvua haijanyesha.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani iwe nyepesi, ya kubana, isiyo ya pamba. Katikati weka sufu au flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya. Nje, kitu kinachozuia upepo. Ukiondoka kambini uhisi ubaridi kidogo. Kama tayari una joto, umezidisha. Fungua zipu kabla hujatoka jasho, na ukisimama vaa jaketi zito mara moja, kabla hujaanza kutetemeka. Weka soksi kavu na fulana kavu ya kulalia ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usiziguse mpaka jioni.

Si lazima uuze kiwanja kununua hivi vitu. Mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi ina sweta za sufu ambazo wenyewe kule Ulaya walizichoka. Chunguza lebo ya ndani, usidanganywe na unene.

Soksi ni hadithi hiyohiyo. Jozi tatu ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni. Jozi moja nzito, na nafasi ya kuchezesha vidole, inatosha.

"Nyagi kidogo itanipasha."

Pombe hutanua mishipa ya damu kwenye ngozi. Unahisi joto kwa sababu joto la ndani linatoka nje, na unabaki na baridi kuliko ulivyoanza. Mbege utaikuta Marangu ukishuka, haikimbii.

"Ameacha kutetemeka, amezoea."

Hii ndiyo dhana inayoniogopesha kuliko zote. Anayetetemeka mwili wake bado unapigana. Akiacha huku bado yuko kwenye baridi, anaongea kama mlevi, anaangusha vitu au anataka kuvua jaketi, mwili umeanza kushindwa. Mkinge na upepo, mvue kilicholowa, mvalishe kikavu, mtandikie kitu asikae juu ya mwamba, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, kisha ashushwe.

"Mimi ni mtu wa gym, siumwi na mwinuko."

Misuli haikusaidii hapo. Kileleni kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata ufukweni, na kijana mwenye nguvu huugua haraka kwa sababu ana uwezo wa kukimbia. "Pole pole" ya waongozaji si mapambo ya kuwafurahisha watalii. Ukipita njia ya Marangu, lipia siku ya ziada kambi ya Horombo: unapanda hadi Miamba ya Pundamilia, kisha unarudi kulala chini. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande zaidi. Ukipepesuka kama mlevi, au ukihema huku umekaa, unashuka hapohapo, hata kama ni usiku. Dawa ya kutuliza maumivu isikudanganye, inaficha kichwa tu.

"Ngozi nyeusi haihitaji miwani wala mafuta ya jua."

Macho hayana rangi ya ngozi. Theluji mbichi hurudisha usoni sehemu kubwa ya mionzi ya jua, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Midomo nayo hupasuka. Beba miwani inayoziba hata pembeni.

"Nikifika kileleni nimemaliza."

Umefika nusu. Bado unashuka hadi Kibo, na kwa kawaida siku hiyohiyo unaendelea hadi Horombo, magoti yakilalamika, na watu wengi huteleza hapo kwa uchovu. Maji ya chupa huenda yameshaganda. Ndiyo maana chupa hubebwa imepinduliwa, mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Simu ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, baridi hula betri. Na ile chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai, usiimalize yote kileleni kwa furaha ya picha.