Kwa nini "mtoto aliyeshindikana" wa kwenye filamu huokotwa mtaani?

Umeshawahi kuona filamu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ana ndevu alizonyoa asubuhi ile ile? Sare ni ya shule, begi liko mgongoni, lakini shingo ni ya baba wa watoto wawili. Tunaicheka Bongo Movie kwa hilo, ila Hollywood nao wamelifanya miaka nenda rudi, na sababu yake ni ya kihesabu: sheria za kazi zinabana saa ambazo mtoto anaruhusiwa kuwa kazini, wakati mtu mzima unaweza kumkesheza.

Sasa geukia upande wa pili, kwa waongozaji wa filamu za kujitegemea, wale wasio na studio kubwa ya kuwalipia. Wanaposimulia habari za vijana watukutu, watoro wa shule, wezi wadogo wadogo, wengi wao humtafuta mtoto halisi wa umri ule ule, tena mara nyingi asiyewahi kusimama mbele ya kamera. Kwa nini wajitafutie tabu?

Jibu la haraka ni fedha, na lina ukweli wake: nyota ni ghali. Lakini fedha peke yake haielezi kwa nini Andrea Arnold, mwongozaji wa Uingereza, alimpa uhusika mkuu wa filamu yake Fish Tank msichana aliyeonekana kwenye kituo cha treni cha Tilbury akigombana na mpenzi wake. Msichana huyo, Katie Jarvis, hakuwa amewahi kuigiza. Mwaka 2009 filamu ikatwaa Tuzo ya Jopo la Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Sababu yenyewe iko ndani ya mhusika. Mtoto aliyeshindikana, kama wazazi wetu wanavyosema, kwa kawaida hajui kwa nini anafanya anayoyafanya. Muulize kwa nini ameiba, atakwambia "sijui", na hadanganyi. Mwigizaji aliyesomea kazi yake anajua. Ameusoma muswada mpaka mwisho, anajua machozi yatamtoka ukurasa wa 60, na bila kukusudia anaanza kuyaandaa ukurasa wa 40. Mtazamaji analihisi hilo hata kama hawezi kulieleza. Ndiyo maana Arnold alipiga filamu yake kwa mfuatano wa hadithi na kumpa Jarvis kurasa kidogo kidogo. Binti hakujua wiki ijayo ingemletea nini, sawa na Mia, msichana wa miaka 15 aliyekuwa akimcheza.

Ujanja huo una wakubwa zake. Mwaka 1959 Mfaransa François Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups, hadithi ya Antoine Doinel, mvulana wa Paris anayetoroka shule, anayemdanganya mwalimu kwamba mama yake amekufa, na anayeiba mashine ya taipu ofisini kwa babake wa kambo kisha kukamatwa akiirudisha. (Jina la filamu ni msemo wa Kifaransa wa kufanya utundu wa kila aina. Waliolitafsiri kama "mapigo 400" walikosea, na kosa limebaki hadi leo.) Truffaut mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo, aliyewahi kufungiwa katika kituo cha watoto watukutu. Kati ya waliojitokeza kwenye usaili alimchagua Jean-Pierre Léaud, mwenye miaka 14. Tuseme kweli, Léaud hakuwa mgeni kabisa wa mambo hayo, maana mama yake alikuwa mwigizaji. Lakini hakuwa Antoine wa kwenye karatasi. Antoine aliyeandikwa alikuwa mnyonge, Léaud alikuwa jeuri. Badala ya kumkunja mtoto afae karatasi, Truffaut aliikunja karatasi.

Tazama Antoine anavyohojiwa na mtaalamu wa saikolojia katika kituo cha watoto watukutu anakopelekwa. Mtaalamu haonekani. Tunachoona ni kijana, meza na mikono isiyotulia. Truffaut ndiye aliyekuwa akiuliza maswali, sauti ya mwanamke ikawekwa baadaye, na Léaud aliachwa ajibu kwa maneno yake. Anaeleza jinsi alivyomwibia bibi yake fedha kwa hoja kwamba bibi ni mzee, hali chakula kingi, na angekufa karibuni. Anasema hivyo kama mtu anayekupa bei ya nyanya. Anapoulizwa kama amewahi kulala na msichana, anatabasamu, macho yanakwepa pembeni, na kwa sekunde ile hujui unamwona Antoine au Léaud akiona haya mbele ya mtu mzima. Sidhani kuna mwigizaji wa miaka 25 angeliweza tabasamu lile.

Kuna na jambo la ulimi. Mtu wa Dar akiigiza Mpemba, Mpemba anamkamata kabla hajamaliza salamu. Ken Loach, mwongozaji mwingine wa Uingereza, alipotengeneza Kes, filamu ya 1969 kuhusu Billy Casper, mvulana maskini anayefuga ndege aina ya kozi, alikwenda Barnsley kaskazini mwa Uingereza, mji wa wachimba makaa ya mawe, akachukua watoto wa huko huko. David Bradley aliyecheza Billy alikuwa na miaka 14. Hata mwalimu wa michezo yule anayejiona mchezaji bora kuliko watoto wote uwanjani alichezwa na Brian Glover, mwalimu kweli ambaye pia alipigana mieleka. Lafudhi ilikuwa nzito kiasi kwamba kwa soko la Marekani baadhi ya maneno yalibidi kurekodiwa upya. Mpiga picha Chris Menges aliisogeza kamera mbali, akatumia mwanga wa asili, ili watoto wasahau wanatazamwa.

Hapo ndipo mimi huanza kukosa raha. Katika filamu hiyo mwalimu mkuu anawapanga wavulana ofisini na kuwachapa fimbo za mikono. Fimbo zile zilikuwa za kweli. Mmoja wao ni katoto kadogo kaliyekuja kuleta ujumbe tu, kakaunganishwa na wakosaji, na machozi yake hayakutoka kwenye muswada. Aliyesoma shule zetu za viboko anaijua ile namna ya kuficha viganja kwapani baada ya kuchapwa, na haifundishwi chuo chochote cha sanaa. Vivyo hivyo Bradley aliachwa aamini kwamba mmoja wa ndege aliowazoea ameuawa kwa ajili ya filamu. Haikuwa hivyo, mzoga ulikuwa wa ndege mwingine aliyejifia. Tukio linakuchoma moyo, nalikubali, lakini aliyelia pale ni mtoto aliyedanganywa na watu wazima, na hilo kwa hesabu yangu halifutwi na uzuri wa picha. Njia ya Truffaut, ya kumwuliza mtoto na kumwacha ajibu, ilipata ukweli ule ule bila fimbo.

Baada ya kamera kuzimwa, wengi wa watoto hawa hurudi mtaani na kuendelea na maisha. Léaud hakurudi. Truffaut alimwita tena kumcheza Antoine mwaka 1962, akamwita 1968, 1970, na mwisho 1979. Katika filamu hiyo ya mwisho vimepachikwa vipande vya zile za nyuma, kwa hiyo Antoine anapokumbuka utoto wake, anayeonekana kwenye skrini ni Léaud mwenyewe, yule wa miaka 14, hajapakwa hata poda.