Je, wajua kwa nini kurusha dadu mara sita hakukuhakikishii sita?

Aliyewahi kucheza ludo anaijua adha hii: kete zako zote nne bado ziko ndani, unahitaji sita moja tu utoke, na dadu linakupa mbili, tatu, moja, mbili tena. Unajipa moyo kwa hesabu inayoonekana haina kasoro. Dadu lina pande sita, kila mrusho una nafasi 1/6, basi mirusho sita ni 6/6. Yaani lazima itoke. Lakini wapi! Katika mirusho sita, uwezekano wa kuiona sita japo mara moja ni asilimia 66.5 hivi. Wakijaribu watu wengi, karibu theluthi yao wataambulia patupu.

Hiyo 1/6 ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye kujumlisha.

Nafasi hujumlishwa hivihivi pale tu ambapo matukio hayawezi kutokea pamoja: likitokea hili, lile limeshakosa. Dadu likirushwa mara moja haliwezi kutoa mbili na tano kwa mpigo, kwa hiyo uwezekano wa kupata mbili au tano ni 1/6 + 1/6, yaani 1/3. Simba na Yanga wakikutana, ushindi wa Simba, ushindi wa Yanga na sare ni matukio ya namna hiyo pia. Ila wikiendi ambayo kila timu ina mpinzani wake mwingine, zote mbili zinaweza kushinda, na ruhusa ya kujumlisha hivihivi inaondoka.

Sasa tazama mtego wenyewe. Dadu lilelile, mrusho mmoja: kuna uwezekano gani wa kupata namba shufwa au namba inayozidi 3? Shufwa ni 2, 4 na 6, nusu ya dadu. Zinazozidi 3 ni 4, 5 na 6, nusu nyingine. Nusu na nusu ni moja, basi hukosi! Na ikitoka 1 je? Au 3? Kilichotokea ni kwamba 4 na 6 zimo katika makundi yote mawili, nasi tumezihesabu mara mbili. Ziondoe mara moja: 3/6 + 3/6 − 2/6 = 4/6.

Ludo ina ugonjwa huohuo. Mirusho miwili ina matokeo 36. Sita ya kwanza imo katika matokeo 6, sita ya pili katika 6, lakini tokeo la sita-sita limo kote kuwili. Jibu ni 11/36, si 12/36. Kadiri mirusho inavyoongezeka ndivyo marudio yanavyozidi, na kuyaondoa moja moja kunachosha. Njia ya mkato ni kuhesabu kukosa: 5/6 ijizidishe mara sita, kisha uitoe kwenye 1. Ndiyo iliyotupa ile asilimia 66.5.

Kuzidisha huko kunafaa kwa sababu mirusho haiathiriani. Dadu halikumbuki lilichotoa. Wanafunzi wengi huchanganya hali hii na ile ya matukio yasiyotokea pamoja, ingawa ni mbingu na ardhi. Ukiambiwa mrusho fulani umetoa mbili, unajua bila kutazama kwamba tano haikutoka: nafasi yake imeporomoka kutoka 1/6 hadi 0. Huko ndiko kuathiriana kwenyewe.

Kitendawili cha aina hii kiliwahi kumsumbua mcheza kamari wa Ufaransa, Antoine Gombaud, maarufu kama Chevalier de Méré. Kupata sita katika mirusho minne kulikuwa na faida. Akaona basi kupata sita-sita kwa madadu mawili katika mirusho 24 kuwe na faida ileile, maana 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36. Haikuwa hivyo, na mwanahisabati Blaise Pascal aliusimulia mkanganyiko huo katika barua yake kwa mwanahisabati mwenzake, Pierre de Fermat, ya Julai 29, 1654. Kujumlisha hivihivi kunatoa 2/3 kote kuwili. Ukiondoa marudio, mchezo wa kwanza unabaki na asilimia 51.8, wa pili 49.1. Kwa mrusho mmoja zaidi, wa 25, ule wa pili nao ungefika asilimia 50.6.