Diski haionekani? Usiizike kabla ya kukagua kebo

Kompyuta ikigoma kuwaka na kudai haioni diski, wengi huamua papo hapo kwamba diski imekufa. Mara nyingi ni nzima, na haraka hiyo ndiyo inayowapotezea watu picha na kazi za miaka.

Dhana: Isipoonekana kwenye BIOS (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), imekufa.

Diski ya SATA, yaani inayounganishwa kwa kebo za aina hiyo, hufika kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa kebo ya data yenye pini 7, na umeme huupata kwa plagi ya pini 15. Mojawapo ikilegea, diski hutoweka. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha toa kebo zote mbili na uzirudishe mpaka zikae sawasawa. Bado? Jaribu kebo nyingine ya data, halafu poti nyingine. Badilisha kitu kimoja kimoja, la sivyo hutajua ubovu ulikuwa wapi. Diski ya kuzunguka ikiwa kimya kabisa, bila hata mtetemo, anza na umeme.

Kuna na hili linalosumbua hata mafundi: kwenye madabodi nyingi, ukipachika SSD ya M.2 (diski bapa isiyo na kebo, huchomekwa moja kwa moja kwenye madabodi), poti moja au mbili za SATA hujifunga. Kitabu cha madabodi hutaja ni zipi.

Dhana: SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa vipengele vyenye namba) ikionyesha makosa, nunua diski mpya.

Tazama kwanza ni namba ipi. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kidhibiti (sehemu ya kompyuta inayoongoza diski), na mara nyingi chanzo ni kebo. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukiweka kebo mpya. Angalia tu kama inazidi kupanda. Namba 5 na 197 zikipanda ni habari nyingine: sekta za diski yenyewe, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zinaharibika. Hapo hamisha data leo hii.

Dhana: Dawa ya kwanza ni chkdsk (zana ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski).

Nalipinga hili kwa nguvu zote. Ukiiagiza irekebishe, chkdsk huandika kwenye diski, na ikipitia kebo mbovu inaweza kuvuruga mafaili yaliyokuwa salama. Nakili data kwanza, kagua kebo, ndipo uitumie.

Dhana: Bodi ya saketi ya diski ikiungua, chukua ya diski ya modeli ileile.

Kwa diski za kisasa haitoshi. Bodi hubeba chipu yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, na chipu hiyo lazima ihamishwe pia.

Dhana: Skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inataka ufomati.

Betri ya madabodi ikiisha, BIOS husahau mipangilio yake. Kama Windows iliwekwa kidhibiti kikiwa kwenye RAID, na sasa kimerudi AHCI (hizi ni hali mbili za kidhibiti kuwasiliana na diski), haitawaka na skrini hiyo hutokea, ingawa mafaili yote yapo. Weka betri mpya, kwa kawaida CR2032, rudisha hali ya RAID kwenye BIOS, kisha washa tena.