Stendi Nzito ya Maikrofoni Si Lazima Iwe Imara

Wengi wanaoanzisha studio ndogo nyumbani huamini kwamba stendi ya maikrofoni ikiwa nzito basi ni imara, na dukani huipima kwa kuinyanyua tu. Uzito husaidia, lakini kinachoipindua stendi yenye mkono mrefu ni uzito wa maikrofoni ukizidishwa na umbali wake kutoka kwenye nguzo. Maikrofoni ya Shure SM58 ina gramu 298, ilhali SM7B ina takriban gramu 766. Ukiifunga hiyo ya pili kwenye ncha ya mkono uliotokeza sentimita 80, inavuta sawa na mzigo wa kilo 6 ulioning'inizwa sentimita 10 kutoka kwenye nguzo. Uzani wa kilo moja na nusu, ukiwekwa upande wa pili kwa sentimita 40, unakaribia kuumaliza mvuto huo wote. Asiye na uzani wa namna hiyo aelekeze mguu mmoja wa stendi ya miguu mitatu chini ya mkono, upande uleule wa maikrofoni. Hatua hii haigharimu chochote, na bado ni wachache wanaoikumbuka.

Pahala dhaifu zaidi, kwa maoni yangu, ni kiungo kinachoushika mkono. Stendi ya chuma yenye kiungo cha plastiki hulegea taratibu katikati ya kurekodi. Dukani, ulaze mkono, uukaze, kisha ubonyeze ncha yake kwa kidole: ukishuka, iache.