Chumba cha laki mbili Njiro: unahitaji kipato gani?

Ninafanya kazi ya mikopo kwenye saccos hapa Arusha, na ombi la "mkopo wa kodi" halikosi mezani kwangu. Mtu amepata nyumba Njiro: chumba masta, sebule, jiko lake, fensi na geti. Laki mbili kwa mwezi. Mshahara wake laki nane. Ameshapiga hesabu njiani, ndani ya kifodi: robo ya mshahara, inatosha kabisa. Halafu anashangaa nikimwambia tuianze hesabu upya.

Laki nane ni ya kwenye barua ya ajira. Toa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000, na hapo ndipo TRA, mamlaka ya mapato, wanapoanzia kukata kodi ya mshahara: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, juu yake hadi 760,000 ni asilimia 20. Jumla 60,000. Mkononi unafika na 660,000. Kama ulisomeshwa na bodi ya mikopo, ondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 nyingine, ubaki na 540,000. Ile "robo" imeshakuwa asilimia 37.

Watu wengi wamesoma mtandaoni kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Kipimo hicho ni cha Marekani. Wenye nyumba wengi wa New York hudai kipato cha mwaka kifike mara 40 ya kodi ya mwezi, na ukigawa 12 kwa 40 unaipata hiyohiyo 30. Lakini kule mpangaji analipa mwezi kwa mwezi. Huku kwetu mwenye nyumba anataka ya miezi sita, wengine ya mwaka, na dalali naye anasubiri ya mwezi mmoja. Kwa hiyo nyumba ya laki mbili mlango wake unafunguliwa kwa 1,400,000, bado hujamlipa wa kirikuu aliyekubebea kitanda.

Ndiyo maana siwaulizi watu wanapata kiasi gani. Ninauliza: mwezi uliopita uliweka kiasi gani, na kiko wapi? Mtu anayepokea 660,000, analipa laki moja kule Kwa Mrombo, na bado anaweka 150,000 kila mwezi bila kuigusa, huyo Njiro anaiweza. Atasubiri miezi tisa na kidogo kufikisha hiyo 1,400,000, lakini akishaingia ana uwezo wa 250,000: laki mbili ya kodi, na hamsini ya maji, taka, mlinzi na nauli. Anayepokea milioni na hana akiba hata ya elfu hamsini, sitamshauri. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini nilihamia nyumba nzuri kwa hesabu ya mshahara wa kwenye barua. Kodi ya awamu ya pili niliilipa kwa kuuza friji niliyoinunulia jiko hilohilo.

Vitu vidogo sitavichambua sana. Uliza kama luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, maana jirani mwenye pasi na jiko la umeme atakumaliza. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni wewe wakati jengo si lako. Mzungumze kabla ya kusaini. Na kwenye nyumba kubwa za Njiro na Uzunguni, ambako dola ilizoeleka hasa enzi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha, kumbuka kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mkataba uandikwe kwa shilingi.

Kinachonisumbua zaidi ni kipato cha mji huu wenyewe. Arusha nusu yetu tunakula kwa mgeni, na mgeni ana msimu. Kaka mmoja, dereva anayeongoza watalii, alikuja ofisini asubuhi ya mvua, buti zimejaa tope, ameshika daftari la shule. Ndani ameandika safari zake zote za mwaka: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, siku ngapi, posho kiasi gani, tipu kiasi gani. Jumla ilikuwa milioni tisa. Ukigawa kwa 12 ni 750,000 kwa mwezi, kodi ya laki mbili haifiki hata asilimia 27. Lakini kurasa za Aprili na Mei zilikuwa nyeupe, na kodi yake inadaiwa Aprili na Oktoba.

"Dada," akaniambia, "mimi sina shida ya hela. Nina shida ya Aprili."

Masika kambi nyingine hufungwa kabisa, na kumpa mkopo kila Aprili ni kumfanya alipe riba ya mvua. Awamu ile nilimkopesha. Ila nikamwambia Oktoba amlipe mama mwenye nyumba miezi mitatu tu, ili zamu ihamie Januari na Julai, hela ya wageni ikiwa bado ya moto. Akaogopa mama atakataa, kwa kuwa amezoea sita.

Hakukataa. Januari na Julai ndiyo miezi anayodaiwa ada ya watoto shuleni, na miaka yote alikuwa akiila ile ya Oktoba kabla haijafika huko.