Besi Haizunguki

"Kaka, besi yetu umeipeleka wapi?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu saa nne usiku, kutoka kwa mpiga besi wa bendi moja ya rege ya Tanga. Mchana walikuwa studio kwangu, wamekaa katikati ya spika tano na sabufa, wanatikisa vichwa na kupongezana. Usiku mwenzetu akaupiga wimbo uleule nyumbani, kwenye redio yake ya spika mbili. Akasikia ngoma, gitaa, kinanda na waitikiaji. Akasikia kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Ule mpangilio unaoitwa 5.1 una njia sita: spika tatu mbele, mbili ubavuni kwa nyuma kidogo, na ile njia ya ".1" ambayo ni ya miungurumo peke yake na haipandi zaidi ya hezi 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde. Iliwekwa kwa ajili ya sinema, ili bomu likilipuka viti vitetemeke. Mimi, kwa ulafi wa kutaka rege itikise, nikaimimina besi yote humo. Sasa kifaa cha spika mbili kikiletewa mchanganyo wa njia sita huzikunja ziwe mbili, na katika kukunja huko ile njia ya miungurumo kwa kawaida hutupwa nje. Wala haipunguzwi, inatupwa. Ningeiacha besi kwenye spika za mbele, sabufa ingeipata tu, maana amplifaya yenyewe hukata sauti za chini, mara nyingi kuanzia hezi 80, na kuzipeleka huko.

Nilirudia kazi ile bila malipo. Tangu hapo, kila nikipata albamu ya rege ya zamani iliyochanganywa upya kwa spika nyingi, swali langu la kwanza ni la yule bwana wa Tanga.

Watu huniuliza ipi bora, stereo ya spika mbili au sauti ya kuzunguka ya spika nyingi, kama wanavyobishana Simba na Yanga. Kwa rege swali hilo lina mtego, kwa sababu muziki wenyewe haukuzaliwa stereo. Kingston ya miaka ya 1960 ilisikiliza muziki kwenye madansi ya uwanjani, mbele ya malundo ya spika makubwa kama makabati, na sauti iliyotoka ilikuwa moja, mono. Mtayarishaji akitaka kujua kama rekodi yake inafaa, aliipeleka huko ikapigwa, akatazama watu. Santuri nayo ilikuwa na sheria zake: besi nzito ikiegemea upande mmoja, sindano inaweza kuruka kwenye mfereji. Kwa hiyo besi ilikaa katikati, na teke la ngoma, lile dundo la ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, likakaa nayo.

Na hata stereo ilipofika ilifika kimchezo. Kwa mtayarishaji Coxsone Dodd pale studio yake ya Studio One, Brentford Road, Kingston, kulikuwa na kipindi cha kanda ya njia mbili: bendi nzima inarekodiwa njia moja, waimbaji njia nyingine. Albamu ilipotolewa kama stereo, unakuta waimbaji wako kushoto na bendi kulia, hakuna anayemsogelea mwenzake. Nilipokuwa mdogo tulipanda sana daladala moja ambayo spika yake nzima ilikuwa moja tu. Kwa miaka mingi niliamini nyimbo kadhaa za Studio One ni za ala tupu. Siku niliponunua hedifoni ndipo nilipogundua kuna watu wanaimba.

Kwa hiyo mtu akisema "stereo ya asili", mimi humuuliza: asili ipi? Chukua Catch a Fire ya The Wailers, ya mwaka 1973. Nyimbo zilirekodiwa Jamaika, kisha Bob Marley akazipeleka London kwa Chris Blackwell, mwenye kampuni ya rekodi ya Island. Kule zikaongezwa vitu ili mashabiki wa roki wazielewe: gitaa la Wayne Perkins, Mmarekani aliyetokea Muscle Shoals, na vinanda vya John "Rabbit" Bundrick. Mwaka 2001 Island walitoa toleo la diski mbili, moja ina albamu tunayoijua, nyingine ina michanganyo ya Jamaika kabla haijaguswa. Kwangu mimi hilo ndilo somo bora la usikilizaji kwenye rege yote, na halihitaji spika ya tatu.

Piga "Concrete Jungle" ya London kwanza. Gitaa la Perkins linaingia likilia, linapanda, linajaza nafasi yote katikati ya wimbo. Halafu piga ya Jamaika. Gitaa lile halipo. Pale lilipokuwa kumebaki uwazi, na kwenye uwazi huo ndipo unapoisikia besi ya Robbie Shakespeare, wakati huo kijana mdogo kabisa, inavyotembea: inapiga noti chache, inanyamaza, inarudi. Mara ya kwanza utadhani wimbo una upungufu. Mara ya tatu utaanza kuiona ile ya London kama sebule iliyojaa makochi.

Simlaumu Blackwell, bila yeye pengine nisingeijua rekodi hiyo. Wengine walikasirika zaidi: mwimbaji Burning Spear hakupendezwa na jinsi Island walivyoichanganya upya Marcus Garvey, albamu yake ya 1975. Ninachosema ni kwamba ugomvi wa nani aguse kanda, na kwa masikio ya nani, ulikuwepo miongo kadhaa kabla ya spika za nyuma.

Sasa hizo spika za nyuma. Zinafanya kazi vizuri kweli pale ambapo kulikuwa na kitu nyuma. Live! ya Bob Marley and the Wailers ilirekodiwa ukumbi wa Lyceum, London, tarehe 17 na 18 Julai 1975, kwa gari la studio la Rolling Stones. Kwenye "No Woman, No Cry" kinanda kinaanza taratibu na watu wanadaka kiitikio kabla Bob hajafungua mdomo. Kwenye stereo watu hao wako mbele yako, wamebanwa nyuma ya bendi kama picha ukutani. Ukiwarudisha ubavuni na mgongoni, unakuwa umesimama kati yao. Hapo sina ubishi, spika nyingi zimerudisha kitu ambacho spika mbili zilikiminya. Na wimbo wenyewe hauharibiki, kwa sababu bendi inabaki jukwaani.

Albamu za studio ndipo penye mtihani. Legend, mkusanyo wa nyimbo za Marley wa mwaka 1984, ilitolewa tena mwaka 2014 kwenye Blu-ray ikiwa na mchanganyo wa 5.1, na tangu Juni 2021 Apple Music ilipoanza kutoa muziki wa Dolby Atmos, mfumo unaoweka sauti hata juu ya msikilizaji, fundi wa leo ana mpaka spika za darini za kuchezea. Kishawishi ni kumtawanya kila mtu: waitikiaji nyuma kulia, tarumbeta nyuma kushoto, ngoma za konga za Seeco Patterson zinapita juu ya kichwa. Inafurahisha kwa dakika mbili.

Shida iko hivi. Rege ni mazungumzo ya karibu. Teke la Carlton Barrett, mpiga ngoma wa Wailers, linaangukia pigo la tatu, besi ya kaka yake Aston inalizunguka, mkato wa gitaa unajibu, kinanda kinabwabwaja chini yake. Ndugu hawa wawili walipiga pamoja miaka mingi, na utamu uko kwenye ule ucheleweshaji mdogo kati yao. Ukiweka gitaa mita mbili mbele yangu na kinanda mita moja nyuma yangu, na msikilizaji akasogea kiti kidogo tu, ule ucheleweshaji si wao tena. Umeupanga wewe na sebule yako.

Besi ndiyo inaumia zaidi. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Besi ileile ikitoka mbele na nyuma kwa pamoja, na spika moja ikawa mbali nawe kuliko nyingine kwa mita tatu na nusu, mawimbi yanafika yakiwa yamepingana na kufutana. Umeongeza spika, umepunguza besi. Ndiyo maana kazini kwangu besi na teke hukaa mbele, katikati au kwenye zile mbili za pembeni, basi. Vingine vinaweza kutembea kidogo, lakini besi haizunguki.

Exodus ya 1977 inavumilia zaidi. Ilirekodiwa London, baada ya Marley kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, na ala zake zimetengwa vizuri kwenye kanda. Wimbo wenye jina la albamu una zaidi ya dakika 7, teke linapiga kila pigo kama miguu ya msafara, na juu yake kuna tarumbeta, waitikiaji wa kike I-Threes, magitaa na vinanda. Msongamano kama huo ukipewa nafasi unapumua. Lakini "Natural Mystic" inayofungua albamu ningeiacha kama ilivyo. Inaanza kwa ukimya, halafu bendi inakuja polepole mno kutoka mbali, sekunde baada ya sekunde, kama mtu unayemwona njiani kabla hujamtambua. Mtu huyo lazima aje kutoka upande mmoja. Akitokea pande zote kwa mpigo, hajaja.

Halafu kuna albamu ambazo hata ukitaka huwezi. Mtayarishaji Lee "Scratch" Perry alipojenga studio yake ya Black Ark nyuma ya nyumba yake, Washington Gardens, Kingston, alirekodi kwa mashine ya TEAC ya njia nne. Nne! Njia zikijaa, alizimimina mbili au tatu kwenye moja, akapata nafasi ya kuongeza, akamimina tena. Heart of the Congos, albamu ya The Congos ya 1977, imejengwa hivyo: sauti za waimbaji, matoazi, mlio kama wa ng'ombe, vyote vimepikwa chungu kimoja na kupitishwa kwenye mashine za mwangwi na za mawimbi. Huwezi kumtoa ng'ombe yule na kumpeleka spika ya nyuma, ameshakuwa mchuzi. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazotenganisha sauti zilizochanganyika, nimezijaribu, na zinajitahidi. Lakini kwenye kazi ya Perry zinaacha alama, kama maji ya sabuni kwenye matoazi, kwa sababu mipaka zinayoitafuta aliifuta mwenyewe makusudi.

Na King Tubby? Jina lake halisi Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na transfoma kabla ya kuwa fundi wa sauti. Kwenye chumba cha nyumba ya Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, Kingston, aliweka mikseri iliyotoka studio ya Dynamic Sounds, yenye kitasa kimoja kikubwa cha kukata sauti za chini, na kanda za njia nne. Kwa vitu hivyo akaifanya dub: anazima waimbaji, anaacha neno moja likatike, analitupia mwangwi, besi inabaki peke yake, mara inatoweka, mara inarudi na uzito wote. Hebu sikiliza mojawapo ya dub zake kwa spika moja. Lile neno likirudiarudia linafifia, unajua kabisa limekwenda mbali, mbali kuliko ukuta wa chumba chako. Umbali huo ameutengeneza kwa muda na kufifia. Mafundi wa Atmos wana spika 11 na sabufa, na wengi wao hawajafika alikofika Tubby kwa moja.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, kuna jambo moja tu usilikose: usawazishe sauti kwanza. Michanganyo ya Atmos inatakiwa isizidi LUFS -18, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, wakati CD nyingi zilizosafishwa upya zimepandishwa juu ya hapo kwa desibeli kadhaa. Sikio huipenda inayopiga kelele zaidi na kuiita bora. Shusha ile kubwa mpaka sauti ya mwimbaji ilingane, ndipo uhukumu. Na kama unatumia hedifoni, jua kwamba hizo si spika nyingi. Ni kompyuta inayokisia umbo la kichwa na masikio yako, ikikosea unasikia bendi iko bafuni.

Yule mpiga besi alikuja wiki iliyofuata, na redio yake ileile amebeba kwapani. Hakutaka kukaa katikati ya spika zangu. Akaichomeka redio pale kwenye meza ya chai, akaupiga wimbo mpya, akaweka kiganja juu ya redio. Kisha akang'oa waya wa spika moja, akausikiliza tena mpaka mwisho.

"Hapo sawa," akasema. "Hizo nyingine wawekee waitikiaji, wanapenda."

Nikawawekea.